Meli Tatu na Goti la Mama: Shajara ya Kabini za Baharini

Jumamosi, Barcelona

Tumepanda mchana na kabini zikafunguliwa muda mfupi baadaye. Mama alitaka kuona kitanda kwanza. Mimi nilitaka kuona bafu, maana kwa mtu mwenye goti linalomsumbua, bafu ndilo linaloamua kama safari itakuwa starehe au mateso. Safari hii nimeipanga kwa makusudi: meli tatu mfululizo, kila moja na aina yake ya kabini, tukianza na kabini ya ndani, kisha ya dirisha, na mwisho ya roshani. Nataka kujua kwa mwili wangu, wala si kwa picha za matangazo, tofauti iko wapi hasa.

Meli ya kwanza ni jitu la sitaha nyingi. Kabini yetu haina dirisha, na iko moja kwa moja chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea. Ukifungua mlango, bafu liko kulia na kabati liko kushoto, na njia iliyo kati yao inatosha mtu mmoja tu. Mlango wa bafu unafungukia nje. Mama akitoka kuoga wakati mimi natafuta shati kabatini, lazima mmoja wetu arudi nyuma. Baada ya hapo kuna vitanda viwili vya mtu mmoja vilivyosogezwa pamoja. Tulimwomba mhudumu avitenganishe, akafanya hivyo upesi, na ile nafasi ya katikati ndiyo ikawa sebule yetu. Ongeza meza, kiti kimoja, kioo kirefu na televisheni ukutani, vyote ndani ya mita za mraba kama 16.

Jambo moja limefikiriwa vizuri sana. Fremu ya kitanda imeinuliwa kiasi cha kupitisha sanduku kubwa likiwa limelazwa, kwa hiyo masanduku yote yamelala chini ya vitanda na hatukuyaona tena hadi siku ya kushuka. Kuta nazo ni bati la chuma lenye sufi ya madini ndani, kwa ajili ya kuzuia moto, kwa hiyo sumaku inanasa popote. Nimekuja na kulabu za sumaku na zote zina kazi: kofia, mkoba, fimbo ya Mama, kadi za mlango. Soketi ziko mbili tu, zote mezani. Nyaya za kugawia umeme zenye kidhibiti cha volteji hazikubaliwi melini, wala pasi, kwa hofu ileile ya moto, hivyo mwenye simu na vifaa vingi aje na chaja moja yenye matundu kadhaa ya USB.

Jumapili, baharini

Mama aliamka akaniita gizani. "Mwanangu, bado usiku au kumekucha?"

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kabini ya ndani ina giza ambalo mtu aliyezoea kulala na dirisha hawezi kulikisia. Kwa usingizi ni neema kubwa, nami sikumbuki lini nimelala fofofo kiasi kile. Lakini mwili unapoteza saa, na mtu mzima anayeamka usiku kwenda chooni anahitaji kuona anapokanyaga. Dawa tuliyoipata ni televisheni. Meli nyingi zina chaneli inayoonyesha picha ya kamera iliyoko omo, mbele kabisa. Ukiiacha imewashwa bila sauti, usiku chumba kinakuwa na mwanga hafifu sana, na jua likichomoza chumba nacho kinaangaza kidogo kidogo. Mama ameridhika nayo kabisa.

Wabunifu wa meli wamehangaika na giza hili kwa miaka mingi. Voyager of the Seas ya 1999 ilileta kabini za ndani zenye dirisha linalotazama barabara ya maduka iliyo katikati ya meli. Disney Dream ya 2011 iliweka skrini ya duara ukutani inayoonyesha picha ya bahari kutoka kamera za nje, na Quantum of the Seas ya 2014 ikaifanya skrini hiyo kuwa kubwa kutoka sakafuni hadi darini, mithili ya mlango wa roshani. Oasis of the Seas ya 2009 ilikwenda mbali zaidi: meli yenyewe imepasuliwa katikati, na kuna roshani zinazotazama bustani ya miti halisi badala ya bahari. Mawazo yote hayo nayaheshimu, ila kwa mtu anayelala mapema, dirisha linalotazama barabara yenye muziki na taa ni la kufunga pazia jioni nzima, na hapo faida yake inapungua sana.

Leo pia nimemweleza Mama kwa nini kila kabini kwenye korido yetu inafanana na nyingine kwa kila msumari. Kabini za meli hizi kwa kawaida hazijengwi ndani ya meli. Zinaundwa kiwandani zikiwa kamili, na bafu, mabomba, nyaya, hata kioo ukutani, kisha zinainuliwa na kusukumwa kwenye nafasi zake ndani ya chombo. Kuna kiwanda mahususi cha kazi hiyo Piikkiö, nchini Finland, kinachohudumia karakana ya meli ya Turku. Ndiyo maana bafu linakuwa sanduku moja lililokamilika lenye kizingiti, kwa sababu lazima lizuie maji yasitoke meli inapoinama. Kizingiti cha bafu letu kina urefu wa kiganja. Kwa Mama hicho ni kipimo cha maana kuliko mita zote za mraba.

Jumatatu, Civitavecchia

Alfajiri kabla jua halijatoka, viti vya bwawani vilianza kuburutwa juu ya vichwa vyetu. Kimoja, kisha kingine, safu nzima. Sakafu ya juu ni chuma na chuma hakifichi kitu. Ukichagua kabini, usiangalie sitaha yako peke yake; fungua ramani ya meli uangalie iliyo juu na iliyo chini yake. Mahali pa utulivu ni pale ambapo juu kuna kabini na chini kuna kabini. Juu kukiwa na bwawa, jikoni, uwanja wa mazoezi au mgahawa, utajua ratiba ya wafanyakazi wake wote. Sehemu nyeupe isiyo na maandishi kwenye ramani nayo ni ya kuogopa, maana mara nyingi ni eneo la kazi.

Jumanne, Napoli

Hakuna la kabini. Tulishuka, tukarudi, Mama akalala.

Jumatano, baharini

Mzee mmoja na mkewe, tuliofahamiana nao mezani, walitukaribisha kabini kwao, sitaha moja chini yetu, ya roshani. Jirani yao upande wa kulia alikuwa mlangoni, naye akatufungulia kwake pia, tukapata kulinganisha kabini mbili za bei moja na ukubwa uleule zisizofanana hata kidogo.

Siri yake ni hii. Kabini za roshani hujengwa kwa jozi, zimepishana. Ya kwanza kitanda kiko karibu na mlango wa roshani na sofa iko upande wa bafu. Ya pili kitanda kiko upande wa bafu na kabati, na sofa iko kwenye mwanga. Kwa wanaopenda kufungua macho na kuona bahari, ya kwanza ndiyo. Lakini watu wawili wanaoamka saa tofauti wataona adha yake, kwa sababu anayetaka kwenda roshani asubuhi lazima apite miguuni mwa aliyelala. Katika ile ya pili, anayeamka mapema anakaa kwenye sofa, anavuta pazia nyuma yake, na mwenzake anaendelea kulala. Tatizo la ile ya pili ni kabati: kitanda kimebana hadi kabatini, na mlango wake haufunguki wote. Mke wa mzee yule alituonyesha anavyoingia kiubavu kuchukua gauni. Nikampa mkono wa pongezi kwa ustadi wake.

Kwa Mama ningechagua ya pili bila kusita. Ukienda kwa wakala, uliza swali hilo waziwazi: kitanda kiko upande gani? Ramani nzuri zinaonyesha, na wakala anayejua kazi yake atakutafutia.

Ijumaa, baharini

Tumefunga mizigo. Korido ya kwenda lifti imekuwa ndefu kila siku. Kwa mwenye goti, kabini iwe karibu na lifti lakini isitazamane nazo. Milango sita au saba mbali inatosha kukata kelele za wanaosubiri.

Jumamosi, Barcelona tena

Meli ya pili ni ya makamo, iliyojengwa miaka ya tisini, ndogo kuliko ile kwa mbali sana. Kabini yetu ina dirisha pana na iko sitaha ya chini, karibu na omo. Mama alipoingia alisimama tu katikati ya chumba akageuka huku na huku. Nafasi! Upana wa chumba umezidi ule wa kwanza, na kati ya kitanda na ukuta watu wawili wanapishana bila kugusana. Kuna pazia zito linalogawa sehemu ya kulala na ya kukaa. Droo ni za kina, zinafungika kwa mshiko unaobofya ili zisifunguke baharini. Kabati lina milango mitatu, na mmoja una rafu tupu kuanzia juu hadi chini. Waliochora chumba hiki walijua kwamba watu husafiri na nguo.

Bafu sasa. Lina beseni la kuogea, refu, la kizamani, lenye ukingo unaofika gotini. Mama aliliangalia kwa muda. Akasema, "Hapa nitahitaji mkono wako kila siku," na ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, Villefranche-sur-Mer

Usiku tumekatiza Ghuba ya Lion, na mistral ilikuwa inavuma. Upepo huo hushuka kutoka bara, kupitia bonde la Rhône, na unapofika baharini haucheki na mtu. Meli ilianza kwenda mrama baada ya chakula cha jioni, lakini mrama haukuwa shida. Meli za abiria zina mapezi yanayotokeza ubavuni chini ya maji na kupunguza mwendo wa kulia na kushoto. Yasichoweza kuzuia ni omo kupanda na kushuka. Fikiria ubao wa pembea ambao watoto hukalia pande mbili: katikati hapaendi popote, ncha ndizo zinazoruka. Sisi tulikuwa nchani. Kila mara omo lilipoangukia wimbi, ukuta ulitoa mshindo, na hanga kabatini ziligongana hadi nilipoamka nikazifunga kwa taulo. Mama hakutapika, lakini hakulala.

Kisha, alipoanza tu kusinzia, tukafika. Villefranche meli kubwa hazifungi gatini. Zinatia nanga na abiria wanashushwa kwa mashua. Mnyororo wa nanga ukashuka ukutani kwetu, au angalau ndivyo masikio yalivyosema. Ni kelele ya chuma kizito kikikimbia ndani ya bomba la chuma, na haikuisha haraka.

Kabini za omo mara nyingi huwa na bei nzuri na ramani ya kuvutia. Sababu ya bei hiyo nimeionja usiku mzima. Tezi, yaani nyuma ya meli, nayo ina yake: mtetemo wa injini na rafadha, zile panga zinazoisukuma meli, hasa meli inapogeuka bandarini. Anayeogopa kichefuchefu akae katikati ya meli, sitaha za chini, hata kama itabidi aache dirisha.

Jumatatu, Livorno

Nilikwenda mapokezi na kuomba kabini nyingine yoyote ya katikati. Iliyobaki ilikuwa ya aina wanayoiita ya mandhari iliyozuiwa, yaani nje ya dirisha imening'inia mashua ya kuokolea. Nilikubali palepale. Mhudumu alihamisha nguo zikiwa kwenye hanga zake, Mama akatembea na fimbo tu.

Dirisha linaonyesha ubavu wa mashua ya rangi ya machungwa, na juu yake kipande cha mbingu, na chini yake, ukiinama, mstari wa bahari. Watu hudharau kabini hizi. Mimi nazitetea kwa moyo wote: mwanga wa mchana unaingia, saa za mwili zinabaki sawa, uko katikati ya meli, na kwa kawaida bei iko karibu na ile ya kabini ya ndani. Kilichopotea ni mandhari, na mandhari yako sitaha ya juu kwa kila mtu. Zaidi ya hayo, hii ina bafu la kuogea kwa kusimama, bila beseni! Inaelekea lilibadilishwa meli ilipofanyiwa ukarabati. Kizingiti cha chini, mshikio ukutani, kiti kidogo cha kukunja. Mama ameoga peke yake kwa mara ya kwanza tangu tuingie meli hii, akatoka anaimba.

Jumanne, baharini

Siku nzima ya kuzungumzia mabafu, kwa kuwa Mama sasa amekuwa mtaalamu. Nimemweleza kuhusu meli za Disney, ambazo tangu Disney Magic ya 1998 zimegawa bafu la kabini nyingi kuwa vyumba viwili vidogo: kimoja kina choo na sinki, kingine kina sinki na beseni lenye shawa. Watu wawili wanajiandaa kwa wakati mmoja bila kugombana. Norwegian Epic ya 2010 nayo iligawa, lakini kwa namna nyingine. Choo kimewekwa upande mmoja wa njia ya kuingilia, shawa upande wa pili, na sinki likabaki chumbani, karibu na kitanda. Wazo ni moja, matokeo ni mbalimbali. Kwenye mpango wa Disney unafunga mlango na kuwa na faragha na maji ya kunawa palepale. Kwenye ule wa Epic, unatoka chooni ukiwa njiani pa kuingilia, kisha unaenda kunawa mbele ya mwenzako. Mama aliuliza mara mbili kama nina hakika.

Lakini meli hiyohiyo ya Epic ilifanya jambo moja jema ambalo wengine wameliiga: ilijenga kabini 128 za mtu mmoja, za mita za mraba kama tisa, na ukumbi wao wa pamoja. Kabla ya hapo, msafiri wa peke yake kwa kawaida alilipia nafasi ya mtu wa pili ambaye hayupo. Hata Queen Mary 2, iliyoanza kazi 2004, iliongezewa kabini 15 za mtu mmoja ilipokarabatiwa 2016. Chumba kidogo kilichochorwa kwa ajili ya mtu mmoja kina raha kuliko chumba cha wawili kilichobanwa.

Jumatano, Messina

Mlango wa kati unaounganisha kabini yetu na ya jirani umetufanya tujue habari zote za familia yao. Ukuta wa kawaida una sufi ndani; mlango huu unapitisha sauti, na chini yake kuna upenyo. Nimeziba kwa taulo lililokunjwa. Usichague kabini yenye mlango huo kama huna ndugu upande wa pili.

Ijumaa, Piraeus

Meli ya tatu ni mpya kabisa na hii ndiyo Mama aliyoisubiri: roshani. Ila si ya kawaida. Celebrity Edge ilipotoka 2018 ilileta muundo wa kabini inayofika hadi ukingo wa meli, ambapo badala ya roshani ya nje kuna ukuta wa kioo, na nusu yake ya juu inashuka kwa kubonyeza kitufe. Meli nyingine zimeufuata muundo huo, na hii ni mojawapo. Eneo lote ambalo lingekuwa nje sasa ni sehemu ya chumba.

Mwanga ni mwingi mno, nami nimeupenda. Bafu ni bora kuliko yote: mlango wa kioo badala ya lile pazia la shawa linaloganda mwilini, sakafu karibu sawa na ya chumba, na taa ya chini inayowaka yenyewe usiku. Soketi ziko pande zote mbili za kitanda. Lakini kabati! Milango miwili myembamba, droo chache zisizo na kina, rafu za mapambo zisizobeba kitu. Nusu ya nguo zetu zimebaki kwenye masanduku.

Jumamosi, Santorini

Hapa bahari ndani ya kaldera, yaani shimo la volkeno, ina kina kirefu kiasi kwamba meli kubwa hazitii nanga. Nyingi hujishikilia mahali pamoja kwa injini zake. Kwenye omo ya meli ya pili hiyo ingekuwa kero ya mchana kutwa. Hapa katikati tunasikia mngurumo wa mbali tu.

Mama amekaa kwenye kiti chake mbele ya kioo kilichoshushwa, jabali lote likiwa mbele yake. Baada ya muda akaniambia, "Upepo naupata, lakini niko ndani." Nilimwelewa. Kwenye roshani ya kweli unapita mlango, unaufunga nyuma yako, na uko nje na bahari. Hapa kioo kikishuka, kiyoyozi kinazima, na chumba kizima kinakuwa na joto na unyevu wa nje. Ipo milango ya kukunja ya kutenganisha, lakini ukiifunga, chumba kinarudi kuwa kidogo. Mimi ningechukua muundo huu kwa safari za baridi, wakati roshani ya nje haikaliki. Kwa bahari ya joto, naona Mama ana haki.

Roshani za kweli nazo zina madaraja yake. Grand Princess ya 1998 ina sitaha zilizopangwa kwa ngazi, kwa hiyo roshani za chini ni pana na zina jua, na majirani wa juu wanaona unachokula. Queen Mary 2 ina roshani zilizokatwa ndani ya ubavu wa chuma, zisizofikiwa na upepo wa Atlantiki, ila ukikaa kitini ukuta unakuziba usione maji. Carnival Dream ya 2009 ilizishusha roshani kama hizo karibu na maji, na wanaozipenda huzifuata meli hadi meli.

Jumatatu, Piraeus

Kabla ya kushuka tuliletewa fomu ya maoni. Mama aliniamuru niandike, yeye akasema. Mshikio wa bafuni uwekwe pande mbili, kwa sababu meli inainamia pande mbili. Droo zirudishwe. Taa ya chini ya bafuni isiondolewe kamwe. Kisha akaniuliza kama ile meli ya makamo, yenye mashua dirishani, inasafiri tena mwakani. Nimeshaifungua ramani yake: sitaha ya nne, katikati, juu kabini na chini kabini, bila mlango wa kati, lifti milango saba mbali. Nimebakiza kumuuliza wakala kama bafu lake nalo limeshaondolewa beseni.